SWALI LA MTOTO ALIYECHEKWA
Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Ndia Kuu, Mombasa

 

Nimepewa neno la kusema juu ya sherehe. Vikundi vyenu kadhaa vinakaribia kutimiza miaka kumi, vingine ishirini, na kila kamati inauliza mambo yale yale: tutapika nini, tutavaa leso gani, mgeni wa heshima atakuwa nani? Mimi sipingi pilau. Kikundi kilichodumu kina haki ya kufurahi. Lakini kabla hatujakodi hema na viti, hebu tujiulize: siku hiyo tutakuwa tunakumbuka nini hasa?

Ili tupate jibu, nitawapeleka mahali ambapo labda hamkutarajia, yaani kwenye idara ya fizikia ya chuo kikuu. Msitishike na neno fizikia. Ni elimu ya mambo tunayoyashika kila siku: joto na baridi, mwanga, umeme, uzito, mwendo. Mama anayefunika sufuria ili maharage yaive upesi anatumia fizikia. Nahodha aliyeleta jahazi lake katika bandari yetu ya kale kwa kaskazi, akangoja kusi imrudishe kwao, naye aliijua. Na ninyi mnaogandisha barafu za ukwaju mkawauzia watoto wa shule, mtaona kwamba habari hii ni yenu kabisa.

Miaka huhesabiwa tangu lini?

Tuanze hapa nyumbani. Kile chuo chetu cha Tudor wazee wengi bado wanakiita MIOME. Kilianza kama chuo cha elimu ya ufundi kwa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Fedha zilichangwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Mabohora na serikali ya wakati ule. Harambee hiyo, ingawa neno lenyewe halikuwa limeanza kutumika hivyo. Mwaka 1966 milango ilifunguliwa kwa vijana wa dini zote. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Sasa niambieni, chuo hicho kina miaka mingapi? Ukitazama hati iliyo ukutani, kilizaliwa 2013. Ukimuuliza mzee aliyesomea pale useremala au ufundi wa mashine, atakuambia 1951.

Tuvuke mpaka, twende Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha kule kilianza Oktoba 1961 kikiwa na somo la sheria tu na wanafunzi wasiofika 15. Hakikuwa na majengo yake. Kilisomesha katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Baadaye kilihamia kwenye kile kilima watu wanachokiita Mlimani, na mwaka 1965 masomo ya sayansi yakaanza, fizikia ikiwamo. Wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1970 kila nchi ilichukua chake.

Lakini Dar es Salaam walisherehekea miaka 50 mwaka 2011. Hawakuhesabu kutoka 1970 walipopata chuo kamili. Walihesabu kutoka 1961, tangu siku zile za jengo la kuazima. Hapo kuna fundisho la kwanza. Katibu wa kikundi aandike miaka miwili: mwaka mliopata cheti cha usajili, na mwaka mlioketi mara ya kwanza barazani kwa mtu, kila mmoja na shilingi zake kwenye ncha ya leso. Mwaka huu wa pili ndio wenye habari.

Maziwa ya moto

Sasa tuingie katika idara yenyewe ya fizikia. Mwalimu mmoja wapo wa miaka ile ya mwanzo aliitwa Denis Osborne, Mwingereza. Lakini siku hizi idara hiyo hutajwa duniani kote kwa sababu ya kijana ambaye hata hakuwa mwanafunzi wake. Jina lake Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, kule Lushoto, mkoa wa Tanga. Wavulana wa shule walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, kisha wakayatia ndani ya friji. Friji ilikuwa na nafasi ndogo na kila mmoja aliigombea. Siku moja mwenzake mmoja hakuchemsha maziwa yake, akayaingiza hivyo hivyo. Mpemba akaona akingoja yake yapoe atakosa nafasi. Akayatia yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu hivi wakatazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia imekuwaje. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki huyo akamweleza kwamba hata yeye huyatia maziwa yangali moto, kwa sababu huganda upesi zaidi. Kumbe wauzaji walikuwa wanajua! Hawakuwa na maabara. Walikuwa na wateja waliokuwa wanangoja.

Mpemba akafaulu mtihani, akaenda shule ya Mkwawa, Iringa. Siku moja walipokuwa wanafundishwa juu ya vitu vya moto vinavyopoa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake, haiko kwa watu wengine. Basi tangu hapo darasa zima likawa na neno la kumkejeli. Akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Mnajua wenyewe jinsi kejeli ya wenzako inavyokaa mwilini. Wengi wangekoma. Yeye alichukua vyombo viwili vya maabara, akavitia maji, kimoja ya moto na kimoja ya mfereji, akajaribu tena mwenyewe.

Kisha Osborne akaja kutoka Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba akasimama. Akasema: ukiwa na vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja joto lake ni digrii 35 na kingine 100, ukavitia katika friji, kile cha 100 huganda kwanza, ni kwa nini? Wenzake wakacheka. Waliona anawaaibisha mbele ya mgeni.

Mgeni angeweza kucheka pamoja nao. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Lakini alimuuliza kama amelijaribu jambo hilo mwenyewe, na Mpemba akajibu ndiyo. Osborne akasema yeye hajui jibu, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Na alitimiza ahadi. Alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akarudi na habari kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Ndugu zangu, mnaona? Hata aliyeliona kwa macho yake hakuwa tayari kuliamini, kwa kuwa halikufanana na alilofundishwa.

Majaribio yaliendelea. Walipima maji yaliyoanza na joto mbalimbali, wakaona yaliyoanza na digrii 25 hivi yalikawia sana kuanza kuganda, na yaliyoanza karibu na 90 yaliwahi. Mwaka 1969 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Majina yaliyoandikwa juu yake ni mawili: Mpemba na Osborne. Jina la kijana limetangulia. Wakati huo alikuwa ameshajiunga na chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na baadaye alifanya kazi hiyo ya wanyamapori. Hakuwa profesa. Hata hivyo, tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina lake duniani kote.

Je, ni kweli?

Najua wengine mnataka kukimbia nyumbani kuchemsha maji ya barafu. Ngojeni kidogo.

Wataalamu mpaka leo hawajakubaliana. Wengine wanasema maji ya moto hupungua kwa kutoa mvuke, kwa hiyo yanabaki machache ya kugandishwa. Wengine wanasema ni jinsi maji yanavyozunguka ndani ya chombo, au hewa iliyomo ndani ya maji, au chombo cha moto kuyeyusha jalidi iliyo chini yake kikagusana vizuri na ubaridi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kilitangaza shindano la kueleza sababu. Maelezo zaidi ya 22,000 yalipelekwa, na Mpemba mwenyewe, akiwa mtu mzima, ndiye aliyemtangaza mshindi, Nikola Bregović wa Kroatia. Halafu mwaka 2016 wataalamu wawili walichapisha majaribio yao wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba ukisogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo, jibu linaweza kubadilika.

Kwa hiyo kwa biashara yenu nasema hivi: kuchemsha kunakula makaa au gesi, na sufuria ya moto ndani ya friza inaweza kuharibu samaki aliye kando yake. Anayetaka kujua ajaribu kwa vikombe viwili vidogo vilivyo sawa, aandike saa, arudie mara kadhaa. Msifuate kwa sababu mimi nimesema, wala msikatae kwa sababu jirani amecheka.

Yanayotuhusu

Katika kazi yangu nimeona kikundi kimoja, sitakitaja. Mwanachama mpya, mama kijana, aliuliza kwa nini daftari la mweka hazina halilingani na kitabu cha benki. Watu wakacheka. Huyu amekuja juzi tu, anatufundisha hesabu! Naye akanyamaza. Baada ya mwaka mmoja pengo lilipoonekana, hakuna aliyecheka. Kikundi kilivunjika, na kina mama waliokuwa wakiweka shilingi zao kila juma waliondoka mikono mitupu. Yule kijana alikuwa ameshawaambia. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye cheo wa kusema: hebu tulete vitabu vyote viwili, tutazame.

Basi nawaomba mambo manne.

Kwanza, katika kila mkutano kuwe na nafasi ya maswali, na wa kwanza kuulizwa kama ana neno awe mwanachama mpya kuliko wote.

Pili, kiongozi ajifunze kusema "sijui, nitatazama", halafu akatazame kweli na kuleta jibu mkutano unaofuata. Heshima ya Osborne haikupungua kwa neno hilo. Iliongezeka.

Tatu, andikeni. Wauzaji wa Tanga walijua kabla ya chuo kikuu, lakini elimu yao ilibaki mdomoni. Ninyi mnajua bei ya samaki hupanda miezi gani, mkopo wa namna gani haurudi, mradi gani uliwashinda na kwa nini. Mzee akifariki, au mama akihamia kwa wanawe bara, elimu hiyo huondoka naye. Nunueni daftari moja la mistari, liwe la mambo hayo tu.

Nne, jina la mwenye wazo liandikwe. Mradi ukifaulu, tusimpe mwenyekiti sifa zote. Kama wazo lilitoka kwa binti anayefagia ukumbi, jina lake lisomwe siku ya sherehe mbele ya wageni.

Na sherehe yenyewe? Fanyeni. Pikeni. Lakini mgeni wa heshima akishahutubia, mwiteni mbele mtu mmoja ambaye kikundi kilimcheka, naye akaja kuonekana alikuwa na haki. Kama hayupo tena kikundini, atafutwe, aombwe arudi siku hiyo, akae kiti cha mbele. Mkimpata, mtakuwa mmepata sababu ya kusherehekea. Mkikosa hata mmoja katika miaka yote hiyo, basi ulizaneni vizuri: ni kweli hakuna aliyewahi kuuliza, au mliacha kusikia?



Maswali ya kuzungumza katika kikundi
1. Kikundi chetu kilianza lini hasa, na ni nani waliokuwapo siku ya kwanza?
2. Ni swali gani lililowahi kuulizwa kwetu ambalo halikujibiwa mpaka leo?
3. Kuna jambo gani tunalolijua kwa kazi ya mikono yetu ambalo halijaandikwa popote?