Safari ya Dodoma

Tuliondoka Kamanga alfajiri, watu sita wa nyumba moja, tukavuka kwa pantoni hata Mwanza, tukapanda basi. Nauli ilikuwa fedha ya dagaa, tuliyoiweka akiba ya kununulia bati. Tulibishana siku nyingi kabla ya kuitoa. Njia yapata kilometa 700, kupitia Shinyanga na Singida.

Watoto walitaraji bahari na meli, kana kwamba mji mkuu bado ni Dar es Salaam. Wakaona vilima vya mawe na vumbi. Tuliwaeleza kwamba mwaka 1973 chama cha TANU kilikata shauri makao makuu yahamie katikati ya nchi, ili mtu wa ziwani asiwe mbali kuliko wa pwani. Lakini Serikali ilikawia mno. Kuhama hasa kulianza 2016, na sheria ilipitishwa 2018.

Bibi yetu hakuyajali hayo. Yeye aliyezoea kuteka maji ziwani aliuliza, “Je, watu hawa hunywa nini?” Mwenyeji wetu akamweleza habari za visima vya Mzakwe, na mvua inyeshayo Desemba hata Aprili tu. Bibi akanyamaza kitambo.

Kesho yake tuliketi mahali pa wageni Bungeni. Mbunge mmoja alisimama kuuliza habari za maji ya vijiji vyake. Bibi alisikiliza, kiganja sikioni, wala hakusinzia.

Tuliporudi, paa lilikuwa likivuja. “Bati na lingoje,” akasema, akatafuta sufuria ya kukingia.