Kwa Nini Walikimbilia Kanisani?

Mazungumzo na viongozi wa jumuiya wanaojiandaa kuzuru makumbusho ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda



Mmeniomba niseme neno juu ya safari yetu ya Rwanda. Wengine mmeuliza nauli, wengine mmeuliza tutalala wapi; hayo mweka hazina atayajibu. Mimi napenda kusema juu ya kile tunachokwenda kukiona, maana huko si mbuga ya wanyama, wala si mahali pa hija tulipopazoea, ambapo mtu huenda akarudi moyo ukiwa mwepesi.

Habari yenyewe si ngeni kwetu. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, iliyotunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ilikuwa ikitoka Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwezi ule ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mto Kagera ulichukua maiti hadi Ziwa Viktoria. Hata mahakama ya kimataifa iliyowahukumu wakuu wa mauaji hayo ilikaa Arusha, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Katika siku 100 hivi waliuawa watu zaidi ya 800,000, na serikali ya Rwanda husema ni zaidi ya milioni moja. Walio wengi mno walikuwa Watutsi. Pamoja nao waliuawa Wahutu waliokataa kushiriki.

Tutaanzia Gisozi, katika jiji la Kigali. Jumba la kumbukumbu la hapo lilifunguliwa Aprili 2004, na katika bustani yake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ndani mtaona picha na maandishi mengi. Msipite haraka kwenye kile kitambulisho kilichoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Wakoloni wa Kibelgiji ndio walioanza kuwaandika watu hivyo katika miaka ya 1930, na serikali zilizofuata baada ya uhuru zikaendelea nayo. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno moja katika karatasi hiyo lilitosha kumtoa mtu uhai. Kuna pia chumba cha watoto: picha kubwa ya mtoto, jina lake, umri wake, chakula alichokipenda, na jinsi alivyouawa. Nawaambia mapema ili mwenye moyo dhaifu ajue kwamba anaweza kungoja nje, wala hakuna atakayemcheka.

Lakini safari yetu hasa ni ya Nyamata, kama kilomita 30 hivi kusini ya Kigali. Hilo lilikuwa kanisa la parokia kama letu hili. Katikati ya Aprili 1994 watu wapatao 10,000 waliuawa ndani yake na katika eneo linalolizunguka. Waliokuwa ndani walijifungia. Wauaji wakavunja mlango wa chuma kwa mabomu ya mkono. Matundu yaliyotobolewa katika bati bado yanapitisha mwanga, nguo za waliouawa zimewekwa kanisani, na kitambaa cha altare kina madoa ya damu.

Mtu huuliza: kwa nini walikimbilia kanisani, kana kwamba walijikusanya wenyewe machinjoni? Jibu ni kwamba zamani kanisa liliwaokoa. Mwaka 1959, na tena mwaka 1992, waliokimbilia kwenye misheni walipona. Mwaka huo wa 1992, mwezi Machi, Redio Rwanda ilitangaza mara kadhaa habari ya uongo kwamba Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Mauaji yakaanza papo hapo katika eneo la Bugesera, ambako ndiko iliko Nyamata. Aliishi hapo mwanamke mlei kutoka Italia, Antonia Locatelli. Alizipigia simu redio za nchi za nje, akaeleza kwamba hiyo haikuwa hasira ya ghafula ya wananchi, bali jambo lililopangwa. Muda mfupi baadaye askari alimpiga risasi akafa. Miaka miwili kamili kabla ya 1994, basi, neno lilikwisha kusemwa, na mlei ndiye aliyelisema.

Sasa niseme lililo gumu, kwa sababu wapo wanaopenda tulipite kimyakimya. Wengi wa waliouawa walikuwa wabatizwa, na wengi wa waliowaua walikuwa wabatizwa. Askofu Mkuu wa Kigali alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa Kamati Kuu ya chama kilichotawala. Mchungaji aliyeketi katika meza ya watawala angewakemea kwa sauti gani? Huko Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga likawaangukia watu wapatao 1,500 waliokuwa ndani, na mwaka 2008 mahakama ya Arusha ilimhukumu padre wa kanisa hilo, Athanase Seromba, kifungo cha maisha. Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo waliotenda maovu hayo mwezi Novemba 2016, na Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha Machi 2017. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20. Kwa maoni yangu huo ni muda mrefu mno, na sioni kwamba kusema hivyo ni kulivunjia Kanisa heshima.

Huko huko alikuwako Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi, mlei aliyejitoa kwa utume, Mhutu kwa asili. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka waingie Zaire. Kaka yake, mwanajeshi, alitaka kumwokoa. Yeye alikataa kuwaacha aliokuwa nao, akauawa pamoja nao.

Mambo machache ya adabu. Kamera zibaki ndani ya basi. Msimuulize Mnyarwanda yeyote kabila lake. Najua kwetu swali hilo ni la kawaida, hata ni mwanzo wa utani. Huko liliwahi kuwa swali la kizuizini, na baada ya 1994 neno hilo liliondolewa katika vitambulisho. Kabla ya kuondoka, kila jumuiya ikae ijadili jambo moja: katika parokia yetu, ni maneno gani tunayasema juu ya watu fulani wakiwa hawapo, nasi viongozi tunayasikia tukanyamaza? Mwandike majibu, myalete bila kutaja majina ya watu.

Tukifika Nyamata msiingie kanisani kwanza. Nje yake lipo kaburi la Antonia Locatelli. Tutasimama hapo wote, ndipo tutakapoingia.