Theluji Iyeyukapo, Mto Hujaa

Fungueni madaftari yenu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matatu: theluji, kuyeyuka, mafuriko.

Kwetu theluji huonekana juu ya milima mirefu tu, kama Kilimanjaro. Lakini katika nchi za baridi, kama Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani, huanguka kwa miezi mingi na kufunika mashamba yote. Hayo ni maji yaliyowekwa akiba juu ya ardhi. Jua la Machi na Aprili likipata nguvu, akiba hiyo huyeyuka. Ardhi chini yake bado imeganda, haiwezi kunywa maji. Basi maji hukimbilia mtoni.

Leo tutazame mto mmoja uitwao Red River. Mto huu hutoka Marekani na kuingia Kanada, ukielekea kaskazini. Hapo ndipo penye shida. Kusini unakoanzia, theluji huyeyuka kwanza. Kaskazini unakokwenda, mara nyingi mto bado umefungwa na barafu. Maji yanakuja, na njia imezibwa. Tena bonde lile ni tambarare kama mkeka. Maji yakipita ukingo, huenea maili nyingi.

Mwaka 1997 wataalamu walitabiri kuwa katika mji wa Grand Forks mto utapanda hadi futi 49. Watu wakajaza magunia ya mchanga, wakainua kuta za udongo kupita kipimo hicho kidogo. Lakini mto ulipanda ukapita futi 54. Karibu watu wote wa mji, wapatao 50,000, wakahama makwao. Moto nao ukazuka katikati ya mji uliojaa maji, ukateketeza majumba 11.

Je, utabiri ulikuwa kazi bure? Hata kidogo. Bila utabiri watu wasingalipata siku za kujitayarisha. Ila kipimo cha wataalamu ni makadirio, si ahadi. Ukiambiwa maji yatafika magotini, jitayarishe kwa maji ya kiunoni.

Chini zaidi ya mto huo uko mji wa Winnipeg, Kanada. Mafuriko ya mwaka 1950 yaliwahamisha watu wapatao 100,000. Baadaye, kati ya mwaka 1962 na 1968, ulichimbwa mfereji wa maili 29 kuyapitisha maji kando ya mji. Mwaka 1997 mfereji ule uliokoa sehemu kubwa ya Winnipeg. Ulichimbwa kabla ya hatari, si siku ya hatari.

Nasi tusio na theluji tunayo mito iletayo maji kutoka mbali. Rufiji huweza kufurika pwani kwa mvua iliyonyesha bara. Kwa hiyo, aliye karibu na mto au ziwa afanye haya mapema:

1. Asikilize habari za hali ya hewa kila siku.
2. Azibue mifereji ya maji karibu na nyumba.
3. Aweke vyeti na hati mahali pa juu, ndani ya mfuko usiopitisha maji.
4. Aweke akiba ya maji safi ya kunywa na chakula kikavu.
5. Aijue njia ya kwenda mahali pa juu, na watoto waijue pia.
6. Akiambiwa ahame, ahame mchana, asingoje usiku.

Na jambo moja la mwisho: msivuke maji yaendayo kasi, kwa miguu wala kwa gari. Juu yaonekana haba, chini yamekwisha kuchimba barabara.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini maji ya Red River huzuiliwa njiani?
2. Utabiri wa Grand Forks ulipungua kwa zaidi ya futi ngapi?
3. Katika kijiji chenu, mahali pa juu ni wapi?

Swali la tatu jibuni pamoja na majirani. Kwaherini.