Namba Kubwa Haitishi

Chukueni daftari na kalamu, mwandike namba hii, tarakimu tatu tatu:

147,573,952,589,676,412,927

Ina tarakimu 21. Hupatikana hivi: anza na 1, zidisha kwa 2 mara 67, kisha toa 1.

Ziko namba ambazo hazigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama 5, 7 na 13. Hizo huitwa namba tasa. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliandika kwamba namba yetu hii ni tasa. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba si tasa, lakini hakuweza kutaja namba zinazoigawanya.

Mwezi wa Oktoba 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahesabu wenzake mjini New York. Yasimuliwa kwamba hakutamka neno. Aliandika ubaoni 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha mpaka mwisho. Jibu likawa namba yetu. Husemwa kwamba kuzitafuta namba hizo mbili kulimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Angalieni basi. Kutafuta kulichukua miaka, lakini kuhakikisha kwataka karatasi, kalamu na subira tu. Tena iko njia fupi ya kupima. Jumlisha tarakimu za namba ya kwanza:

1+9+3+7+0+7+7+2+1 = 37

Endelea mpaka ibaki tarakimu moja: 3+7 = 10, na 1+0 = 1. Namba ya pili hutoa 64, kisha 10, kisha 1. Jibu hutoa 109, kisha 10, kisha 1. Sasa zidisha: 1 × 1 = 1. Zinapatana.

Jihadharini. Zisipopatana, kosa lipo bila shaka. Zikipatana, kosa laweza kuwa limejificha bado, kwa mfano tarakimu mbili zikibadilishana mahali. Ukitaka hakika, zidisha upya.

Sasa twende sokoni. Umeuza pamba kilo 58, kila kilo shilingi 1,250. Karani amekuandikia shilingi 71,500. Je, utaweka sahihi? Pima kwanza. Namba 58 hutoa 13, kisha 4. Namba 1,250 hutoa 8. Nne mara nane ni 32, nayo hutoa 5. Lakini 71,500 hutoa 13, kisha 4. Hazipatani! Zidisha upya, utaona kwamba haki yako ni shilingi 72,500. Shilingi 1,000 zilikuwa zinapotea.

Mersenne alikuwa mtaalamu, na karani naye ana kalamu na muhuri. Wote wawili hesabu yao hupimwa kwa njia ile ile, na mpimaji aweza kuwa wewe.

Kazi ya nyumbani: ipime hesabu hii, 347 × 26 = 9,122. Kisha izidishe mwenyewe. Kwaherini, mpaka somo lijalo.