Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari ya mwenzetu mmoja. Ni mzaliwa wa Nandagala kama mimi, alimaliza shule hii, na sasa anasomea afya ya jamii chuo kikuu. Karibu ataondoka kwenda Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, kwa kazi ya uwandani. Atapita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za maji na magonjwa ya kuhara. Pasi anayo, chanjo amechoma, na vibali vinashughulikiwa. Hayo ni mema. Lakini yapo maandalizi ambayo hayapigwi mhuri, na hayo ndiyo nitakayoyasema.

Kwanza, akumbuke ya kwetu. Julai 2022 homa isiyojulikana ilizuka hapa hapa Ruangwa, na wagonjwa wakapokelewa katika kituo cha afya cha Mbekenyera. Walitokwa damu puani, kichwa kikawauma, nguvu zikawaishia. Vipimo vilionyesha si Ebola, si Marburg, wala si UVIKO-19. Tarehe 18 Julai Serikali ilitangaza kuwa ni homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, unapochafua maji au chakula. Kufikia hapo wagonjwa walikuwa 20, na watatu walikuwa wamefariki. Kwa hiyo sisi tunajua maana ya kuulizwa na mgeni mwenye daftari, "Mnateka maji wapi?" huku ndani kuna mgonjwa. Swali hilo ni la lazima, lakini aliye na msiba hutazama kwanza uso wa anayeuliza.

Pili, ajifunze kusikiliza. Mwaka 1952 homa ya viungo ilienea katika mwinuko wa Makonde, upande wa Newala. Madaktari waliouchunguza ugonjwa ule walichukua jina lake vinywani mwa wagonjwa wenyewe. Leo, kutoka India mpaka Brazili, unaitwa chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Mgonjwa hana digrii, lakini anajua namna ugonjwa unavyomkunja.

Tatu, asidharau hofu ya watu. Mwaka 2009, huko huko Nampula, watu waliokuwa wakijitolea katika Msalaba Mwekundu kupambana na kipindupindu walishambuliwa, na baadhi yao wakauawa. Wananchi waliamini kwamba wanatia ugonjwa visimani. Kwa Kireno kipindupindu ni cólera, na dawa ya kusafisha maji ni cloro. Maneno hayo yanakaribiana masikioni. Mtu akiona dawa imetiwa kisimani, na siku zile zile jirani anaharisha mpaka kufa, atajumlisha. Tusiwacheke. Nasi tulitishwa utotoni na habari za mumiani wanyonya damu. Waliouawa walikuwa na nia njema. Nia njema peke yake haikuwakinga.

Basi, kijana wetu akifika asianze na daftari. Aanze na wakuu wa kijiji na akina mama wa kisimani. Aeleze kazi yake kwa lugha ya pale, na asiyetaka kujibu aachwe kwa heshima. Kazi ikiisha, majibu yarudi kwa waliyoyatoa, yasiishie kwenye makabati ya chuo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahesabiwe.

Ndugu zangu, nina ombi moja. Wamakua wako pia Masasi, jirani zetu. Hata kama usemi wao unatofautiana kidogo na wa Nampula, wiki mbili za kukaa nao kabla ya kuvuka Ruvuma zitamfaa sana. Naomba chama chetu kigharimie wiki hizo. Mimi naanza na nauli.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba Kimwera cha bibi zenu ni mzigo wa kuachwa lango la shule. Anayejua thamani ya lugha ya kwao ataiheshimu ya mwenzake.