Folda Ionyeshe Siku ya Mwisho

(Hotuba ya katibu wa tawi mbele ya wawakilishi wa kazini wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Nimeombwa niseme juu ya kuweka kumbukumbu za malalamiko ndani ya simu. Najua wengine wenu mlipolisikia jambo hili mlicheka, mkasema katibu ameacha habari za mishahara, sasa anataka kutufundisha kuchezea simu. Nawaomba mnisikilize kwanza, kwa kuwa nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kulikuwa na mwanachama mmoja, kibarua katika ghala huku Changamwe. Alibanwa mkono na shehena, vidole viwili vikaharibika. Jioni ile ile alinipata kwenye kituo cha matatu, nami nikatoa simu nikaandika yote: siku, saa, jina la msimamizi aliyeambiwa, hospitali aliyopelekwa. Nikayatia katika folda niliyoiita Changamwe. Nikamwambia, "Nenda ukapone, ndugu yangu, jambo lako liko mkononi mwangu." Na kweli lilikuwa mkononi mwangu, maana simu hiyo sikuiacha hata siku moja. Baada ya miezi 14 mkewe akaja ofisini, akaketi, akaniuliza kwa adabu, "Ndugu katibu, ile habari ya mkono wa mume wangu imefika wapi?"

Nikafungua simu. Maandishi yake yalikuwako, halikupotea hata neno moja. Lakini yalikuwa chini kabisa, chini ya maandishi ya watu wengine zaidi ya 60. Sheria ya fidia ya kuumia kazini, ya mwaka 2007, yataka madai yawekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Baada ya hapo mlango unaobaki ni mwembamba: uwe waweza kuonyesha ya kuwa ajali yenyewe iliarifiwa kama sheria inavyotaka. Msimamizi aliyeambiwa alikuwa amekwisha acha kazi, mwajiri akasema hana habari, wala barua hatukuwa nayo. Mpaka leo ndugu yule hajalipwa hata senti.

Basi nikakaa nikajiuliza, jambo hili lilizamaje? Sikulisahau kwa uvivu. Kila siku nalifungua folda ile, na kila siku nalifanya kazi ya yule niliyemwona juu. Hapo ndipo nilipolifahamu kosa. Programu ile ilikuwa inapanga maandishi kwa siku ya kuguswa mara ya mwisho. Mtu akija ofisini leo, nikiongeza neno katika maandishi yake, hupanda juu. Akija tena wiki ijayo, hupanda tena. Yule aliyelala nyumbani na mkono wake, haji wala hapigi simu kwa sababu ameniamini, huyo hushuka kila siku mtu mwingine anapopanda. Kwa hiyo folda yangu ilikuwa inanionyesha nani amenisumbua karibuni. Haikunionyesha nani muda wake unakwisha.

Kabla sijaendelea, tuelewane maneno. Nikisema folda, nasema lile jalada la ndani ya simu au kompyuta. Nikisema karatasi, nasema andiko moja lililomo ndani yake.

Wazee wetu ofisini hawakuwa na taabu hii. Wanaokumbuka rafu ya majalada wanajua ya kuwa karani alikuwa akifunga uzi mwekundu kwenye kila jalada lenye siku ya mwisho. Uliingia mlangoni, hujaketi, ukauona uzi. Tulipohamia kwenye simu tulichukua maneno yote tukauacha uzi. Ninalowaomba leo ni kuurudisha, na kuurudisha si kazi ngumu.

Kwanza mjue ya kuwa folda haikuumbwa na Mungu vile mnavyoikuta. Aliyetengeneza programu amechagua kwa niaba yenu kitu gani kionekane juu, na mara nyingi amewaachia nafasi ya kuchagua upya, ila wengi wetu hatuifungui ile sehemu ya mipangilio. Katika Joplin, ambayo ni ya bure, karatasi hupangwa tangu mwanzo kwa siku ya kubadilishwa, iliyoguswa karibuni ikiwa juu. Lakini waweza kuamuru zipangwe kwa jina. Katika Obsidian, juu ya orodha ya folda pana alama ya kupangia; ukiigusa utaulizwa wataka kwa jina, kwa siku ya kubadilishwa, au kwa siku ya kuundwa, na kila moja kwenda mbele au kurudi nyuma. Kwa kazi yetu chagueni jina.

Kwa nini jina? Kwa sababu jina twaliandika wenyewe. Karatasi msiipe jina la mtu, wala msiandike "ajali ghala". Ianzeni na siku ya mwisho ya jambo lile: mwaka, mwezi, kisha tarehe, kwa mpango huo huo bila kuugeuza. Mkianza na tarehe kama tulivyozoea kuandika barua, simu itaweka tarehe 03 Desemba mbele ya tarehe 20 Machi, maana yenyewe husoma kutoka kushoto. Mkianza na mwaka, jambo linalokaribia kufa hukaa juu lenyewe, hata kama mwenyewe hajafika ofisini tangu Ramadhani.

Na siku ya mwisho ni ipi? Hapa ndipo mwakilishi lazima ajue sheria kabla ya kujua simu. Ajali ya kazini ni miezi 12, nimekwisha sema. Aliyefukuzwa isivyo haki aweza kupeleka lalamiko lake kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Sheria hiyo hiyo yatoa miaka 3 kwa kwenda mahakamani, yaani Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inayo majaji hapa Mombasa. Mambo matatu, muda wa namna tatu. Na yule aliyeitwa kujieleza mbele ya mwajiri kwa kosa kabla ya kufukuzwa anayo haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama mahali pale pa kazi. Siku ya mwisho ya karatasi hiyo ni siku ya kikao chenyewe, pengine kesho asubuhi. Lazima ikae juu ya yote.

Folda nazo msizigawe kwa mitaa kama nilivyofanya mimi. Changamwe, Likoni na Kisauni zatufaa sisi wa ofisi kujua nani apande matatu gani, lakini hazisemi jambo limefika wapi. Sasa nina folda nne, nimezitia namba ili zisihame: 1 Yanayongoja, 2 Yaliyo kwa afisa wa kazi, 3 Yaliyo mahakamani, 4 Yaliyofungwa. Hiyo ya nne ndiyo muhimu kuliko mnavyodhani. Joplin huweza kuonyesha kando ya kila folda idadi ya karatasi zilizomo. Obsidian yenyewe haifanyi hivyo mpaka uiongezee kipande kilichotengenezwa na watumiaji. Lakini idadi hiyo haina maana ikiwa waliokwisha lipwa wamechanganywa na wanaongoja. Na hata ikiwa safi, msiisome kwa haraka. Tuseme Changamwe ina karatasi 14 na Likoni ina 2. Pengine Likoni waajiri ni wema. Pengine mwakilishi wa Likoni haandiki. (Mwakilishi wa Likoni anacheka, na mimi ni mtu wa Likoni, basi twaelewana.)

Tangu mwaka 2025 Obsidian inayo namna nyingine, ya kuonyesha karatasi za folda kama jedwali la daftari, na wewe ndiwe unayechagua safu zipi ziwepo. Waweza kuwa na safu ya siku ya mwisho, ya aina ya jambo, na kwa vibarua safu ya siku waliyoanza kazi. Hiyo ya vibarua msiidharau. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, sheria yamhesabu kuwa mwenye mkataba wa mwezi, na mwajiri hatakuhesabia siku hizo yeye. Tangu mwaka 2025 pia programu hiyo hailipiwi hata kwa kazi ya ofisi, na karatasi zake hukaa ndani ya simu yako mwenyewe kama maandishi ya kawaida. Maana yake ni kwamba simu ikianguka baharini, nazo zimeanguka. Wekeni nakala kwenye kompyuta ya ofisi kila Ijumaa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniogopesha zaidi. Programu nyingi, mkifungua folda, huonyesha chini ya kila jina mstari mmoja au miwili ya mwanzo wa karatasi. Juzi juzi nalikuwa ndani ya kivuko cha Likoni, mnajua asubuhi tunavyosimama pale, kidevu cha mtu kwenye bega la mwenzake. Nikafungua folda. Mstari wa kwanza ulisomeka jina la mama mmoja, jina la mwajiri wake, na ugonjwa wake. Nyuma yangu alikuwapo mtu namfahamu, anafanya kazi mahali pale pale. Sikujua alisoma au hakusoma. Siku nzima sikutulia.

Habari ya afya ya mtu ni siri yake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeiweka katika zile habari zinazotaka uangalifu wa pekee. Basi mstari wa kwanza uandikwe kitendo kinachongojwa: "Barua kwa mwajiri, bado." Jina la mwanachama liwe namba ya kadi yake, na habari za mwili wake ziwe chini, mahali ambapo hazichungulii. Penye nafasi ya kuzima ile mistari ya kuchungulia, izimeni.

Wazee waliotutangulia walivalishwa kipande shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika alichotaka kionekane juu ya mfanyakazi, na kila aliyekifungua alikisoma. Kipande kilifutwa miaka ya 1940 baada ya watu kukipigania sana. Nisingependa folda ya chama iwe kipande kingine.

Nimeulizwa na ndugu mmoja wa Kisauni, je, haitoshi kundi letu la WhatsApp? Haitoshi. Mle jambo la ajali hufuatwa na tangazo la harusi, na kufikia magharibi limekwenda na maji. Tumieni kundi kwa kuitana, kisha aliyepokea lalamiko alihamishe kwenye folda siku ile ile.

Na ndugu aliyeniuliza hapo mlangoni, mwenye simu ya kubonyeza afanye nini, nimemletea daftari la mistari. Apige mstari wa kusimama upande wa kushoto wa kila ukurasa, na nje ya mstari huo aandike siku ya mwisho tu, mwaka ukitangulia, kwa kalamu nyekundu. Jumatatu zote aupitishe macho ukingo huo kutoka ukurasa wa kwanza. Madaftari yako kumi pale mezani, mchukue mkitoka, na mwandike majina yenu kwa karani.