Kihispania Katika Nchi Jirani ya Kongo



Si wengi wanaotazamia kusikia Kihispania katika Kongo ya mashariki, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na barabarani. Hata hivyo, tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, askari wa Uruguay, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini, wametumika Goma na kwingineko chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2013, azimio namba 2098 la Baraza la Usalama lilipounda Brigedi maalumu ya kukabiliana na waasi, askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi waliwakuta huko.

Ujirani huo umelipiwa kwa damu. Januari 2006 makomando 8 wa Guatemala, nchi nyingine isemayo Kihispania, waliuawa katika mbuga ya Garamba. Desemba 2017 Watanzania wasiopungua 14 waliuawa Semuliki. Januari 2025 askari wa Uruguay alipoteza maisha wakati wa mapigano ya Goma. Watu wanaoweza kufa pamoja hawana udhuru wa kutojuana.

Ni kweli kwamba makaratasi ya Umoja wa Mataifa huko huandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Lakini usiku wa zamu, hatari inapozuka ghafla, mtu huropoka kwa lugha ya mama yake. Askari anayejua kwamba “alto” ni simama, “agua” ni maji, “herido” ni majeruhi na “cuidado” ni hadhari, aweza kuokoa roho ya mwenzake.

Kujifunza huko si mlima kwa Mswahili. Irabu za Kihispania ni tano zile zile: a, e, i, o, u. Tena lugha hizi mbili zimechota katika kisima kimoja cha Kiarabu, kwa kuwa Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi 1492. Ndiyo maana sukari huitwa “azúcar”, zeituni huitwa “aceituna”, na “hasta”, yaani mpaka, ni ndugu wa “hata” katika msemo “hata lini”.

Hata hivyo, maneno bila desturi ni bunduki bila risasi. Watu wa Uruguay hupenda kinywaji kiitwacho “mate”: majani makavu hutiwa katika kibuyu kidogo, yakamiminiwa maji ya moto, yakanywewa kwa mrija wa chuma. Kibuyu ni kimoja na mrija ni mmoja kwa kundi zima. Mgeni aliyekariri kamusi hunywa zamu yake, kisha husema “gracias”, yaani asante. Kibuyu hakimrudii tena! Kwa mila yao, asante hiyo ni kusema “nimetosheka”. Aliyetaka kuonyesha adabu amejitoa barazani bila kujua. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Iko pia ngoma ya “candombe” ya mji wa Montevideo, ipigwayo kwa ngoma tatu: chico, repique na piano. UNESCO iliiandikisha katika urithi wa wanadamu mwaka 2009. Walioianzisha ni Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wao wakitoka pande za Kongo na Angola, na wengine Msumbiji. Kwa hiyo askari wa Uruguay anapoipiga ngoma hiyo katika ardhi ya Kongo, haleti kitu kigeni. Anarudisha amana ya mababu.

Ndugu wasikilizaji, askari hukaguliwa buti, silaha na mkoba wake kabla ya safari. Inafaa akaguliwe pia maneno machache ya lugha ya mwenzake na desturi zake. Mzigo huo hauna uzito mgongoni, na siku ya shida hauna badala.